Kordoma ya sakramu: kisa kimoja, na sababu za kuchagua kaboni

Mgonjwa wa kisa hiki hana jina kwa sababu nimemuunda mwenyewe, kutokana na sura ambayo ugonjwa huu huwa nayo mara nyingi. Takwimu za tafiti na habari za vituo ni za kweli. Nimechagua kordoma ya sakramu, saratani adimu ya mfupa wa mwishoni mwa uti wa mgongo, badala ya saratani iliyozoeleka zaidi kwa kuwa hapa ndipo maswali yote makubwa ya tiba ya protoni na ioni nzito (mionzi ya chembe zenye chaji, kama viini vya kaboni) yanapokutana: mwale usimame wapi, uue seli kwa namna gani, na tunajuaje kwamba umesimama pale ulipopangiwa.

Mgonjwa

Ni mwanamume wa miaka 61. Kwa zaidi ya mwaka ameumwa chini kabisa ya mgongo, maumivu yanayozidi akikaa kwenye kiti kigumu. Alipewa vidonge vya maumivu, akapelekwa mazoezi ya viungo, akarudishwa kwenye vidonge. Baadaye choo kikaanza kumpa shida na ganzi ikamwingia katikati ya matako. Daktari aliyempima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa ndiye wa kwanza kugusa kitu: uvimbe mgumu nyuma ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kipimo hicho huchukua dakika moja na hakihitaji mashine yoyote. Kuchelewa kukifanya ni historia ya wagonjwa wengi wa aina hii, na inauma kila unapoisoma upya.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaonyesha uvimbe wa sentimita 9 kwenye sakramu, mfupa wa pembetatu ulio mwishoni mwa uti wa mgongo. Umeanzia pingili ya pili, S2, ukashuka hadi ya tano. Kwa mbele umetokeza na kuiegemea puru, ingawa mpaka kati yake na ukuta wa puru bado unaonekana. CT ya kifua, picha ya eksrei ya tabaka kwa tabaka, ni safi.

Kipande cha kupima kilichukuliwa kwa sindano iliyoingilia mgongoni. Njia fupi zaidi ingekuwa kupitia puru, nayo ingekuwa kosa kubwa. Seli za kordoma zinaweza kuota kwenye njia ya sindano, na puru iliyotobolewa ingehesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa. Jibu la maabara: kordoma, na seli zimeonyesha protini ya brakiuri ambayo ndiyo alama yake.

Kordoma hutokana na mabaki ya notokodi, ule uti laini wa kijusi unaotangulia uti wa mgongo. Humpata takribani mtu mmoja katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Hukua polepole, haisikii dawa za kemo za kawaida, na madhara yake ya kwanza huwa palepale ilipoanzia. Ndiyo maana karibu kila kitu katika matibabu yake kinahusu eneo moja: ukiuzima uvimbe hapo, mgonjwa amepata miaka mingi, ukiacha mabaki, utarudi, na kurudi kwake hutibika kwa shida zaidi kuliko mwanzo.

Upasuaji ungemgharimu nini

Tiba iliyozoeleka kwa kordoma ni kuutoa uvimbe mzima kwa kipande kimoja, ukiwa umezungukwa na nyama safi pande zote, bila kuupasua. Ukipasuka, seli humwagika kwenye jeraha. Uvimbe ukiwa chini, S4 au S5, daktari wa upasuaji mwenye uzoefu anaweza kuutoa na mgonjwa akaendelea na maisha yanayofanana na ya zamani. Hapo nisingesita kumshauri mtu aende kwenye kisu.

Mgonjwa wetu hayuko hapo. Neva zinazotoka kwenye matundu ya S2, S3 na S4 ndizo zinazoongoza kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa. Zikibaki neva za S2 pande zote mbili pamoja na walau moja ya S3, watu wengi hubaki na uwezo wa kujizuia. Kuupata ukingo safi juu ya uvimbe huu kungelazimu mfupa ukatwe kati ya S1 na S2, na neva zote za chini yake ziondoke. Matokeo yake ni mpira wa mkojo, mara nyingi kifuko cha haja ubavuni, na jeraha kubwa katika sehemu ya mwili ambayo hupona kwa taabu.

Swali lake kwa jopo la madaktari lilikuwa moja: «Daktari, baada ya hapo nitaweza kwenda msalani mwenyewe?» Jibu la kweli ni hapana. Naamini kila jopo linapaswa kulitamka jibu hilo wazi kabla ya kufungua mjadala wa mashine, kwa sababu ndilo linaloipa mionzi nafasi katika kisa hiki. Hapa mionzi inalinganishwa na upasuaji unaowezekana kiufundi, lakini wenye gharama ambayo mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuipima.

Kwa nini eksrei za kawaida zinakwama

Kordoma huhitaji dozi kubwa. Kwa vikao vya kawaida vya grei 2 kwa siku (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), dozi chini ya grei 70 mara nyingi hazitoshi kuizuia kwa muda mrefu. Jirani zake hawawezi kuvumilia kiasi hicho. Utumbo mwembamba huanza kuwa hatarini karibu na grei 50, na puru ikipokea grei 70 kwenye eneo kubwa hupata vidonda na kutoka damu miezi au miaka baadaye.

Eksrei za nguvu kubwa hutoa dozi yake ya juu sentimita chache chini ya ngozi, kisha hupungua taratibu zikiendelea kupenya hadi upande wa pili wa mwili. Mashine za kisasa hupiga kutoka pembe nyingi, na kila pembe huchongwa ifuate umbo la uvimbe. Zimepiga hatua kubwa na si haki kuzidharau. Hata hivyo, hazina namna ya kuufanya mwale ukome ndani ya mwili. Dozi inayoepushwa mahali pamoja husambazwa kwingine.

Chembe zenye chaji hufanya tofauti. William Henry Bragg alilionyesha hilo mapema katika karne iliyopita alipokuwa Adelaide akichunguza chembe za alfa: chembe hutoa nishati kidogo inapokwenda kasi, na kadiri inavyopungua kasi ndivyo inavyotoa zaidi, hadi inapofika mwisho wa safari na kuimwaga kwa wingi katika milimita chache. Pale pa mwisho panaitwa kilele cha Bragg. Mwaka 1946 mwanafizikia Robert Wilson aliandika kwamba jambo hilo lingeweza kutumika kutibu binadamu, na mwaka 1954 wagonjwa wa kwanza walipigwa protoni huko Berkeley, Marekani.

Kwa mgonjwa wetu hesabu ni hii. Kutoka ngozi ya mgongoni hadi ukingo wa mbele wa uvimbe ni kama sentimita 13. Protoni yenye nishati ya MeV 135 hivi (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe) husimama kwenye kina hicho ndani ya maji, na mwili kwa sehemu kubwa unakaribiana na maji. Ukiongeza miale ya nishati ndogo zaidi nyuma yake, vilele vinapangana na kuufunika uvimbe wote kuanzia mbele hadi nyuma. Puru iko mbele tu ya pale inapokoma. Kwenye skrini ya kupangia tiba, picha inapendeza sana: rangi nyekundu kwenye uvimbe, mbele yake hakuna kitu.

Mwale umesimama wapi hasa?

Picha hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi, na ndiyo sehemu ambayo maelezo mengi ya tiba hii huipita haraka.

Kompyuta haioni mwili. Inaona picha ya CT. Kila nukta ya picha ina namba inayoeleza jinsi eksrei zilivyofifia zilipopita hapo. Namba hiyo lazima igeuzwe iwe kipimo cha jinsi protoni zitakavyopungua kasi, na ugeuzaji huo hauna uhakika kamili. Vituo vingi huhesabu shaka ya asilimia 3.5 ya kina, kisha huongeza milimita 1 hadi 3. Kwa sentimita 13, asilimia 3.5 ni milimita nne na nusu. Jumlisha ile nyongeza na unapata milimita sita au saba ambamo mwale unaweza kusimama mapema au kupitiliza. Ukuta wa puru wenyewe ni milimita chache tu.

Uwezo wa chembe kusimama ghafla, basi, una pande mbili. Eksrei ikikosea kina kwa milimita tano, dozi haibadiliki sana kwa sababu mwale unapungua polepole. Protoni ikikosea milimita tano, sehemu ya uvimbe inaweza kukosa dozi kabisa, au ukuta wa puru ukapokea dozi yote. Na mwishoni mwa njia ndipo chembe huumiza zaidi kwa kila grei inayopimwa.

Puru nayo haitulii. Leo imejaa, kesho ina gesi. Gesi ni hatari ya pekee kwa miale inayotoka nyuma: protoni iliyopitiliza uvimbe ikikuta nyama husimama baada ya milimita chache, lakini ikikuta gesi haina cha kuipunguza kasi, hivyo huvuka uwazi wote na kuishia kwenye ukuta wa mbele. Mpango uliochorwa juu ya puru tupu unaweza kuwa si sahihi siku ya kikao cha tisa, na hakuna kwenye mashine kitakachopiga kelele.

Kwa hiyo jopo linalojua kazi yake haliruhusu mwale mmoja wa nyuma uishie dhidi ya puru ukabeba dozi yote. Hugawanya dozi kwa miale ya nyuma na ya pembeni, ili makosa ya kina yasirundikane mahali pamoja. Hupiga CT za marudio wakati wa matibabu. Hujaribu mpango kwenye kompyuta kwa kuusogeza mgonjwa milimita kadhaa kila upande na kubadilisha kina, kuona kama uvimbe bado unafunikwa. Na katika kisa kama hiki humrudisha daktari wa upasuaji kwa kazi nyingine: kuweka kizuizi kati ya uvimbe na puru. Kinaweza kuwa omenta, ule utando wa mafuta wa tumboni, au kitambaa cha asidi ya poliglikoliki kinachoyeyuka mwilini, kilichoendelezwa Japani kwa ajili ya kazi hii. Sentimita moja ya nafasi pale ina thamani kuliko uboreshaji wowote wa programu. Kizuizi kina hatari zake, maambukizi hasa, na huchelewesha tiba kwa wiki kadhaa. Kordoma hukua taratibu kiasi cha kuvumilia ucheleweshaji huo.

Darmstadt, Ujerumani, kituo cha GSI kilitibu wagonjwa takribani 440 kwa ioni za kaboni kati ya 1997 na 2008, na wanafizikia wake walifanya jambo ninaloliheshimu sana. Kaboni inapopita mwilini huacha nyuma yake chembe chache zenye mnururisho wa muda mfupi. Wao waliweka kamera ya PET pembeni ya kitanda, wakapima mnururisho huo na kuulinganisha na mpango ili kuona kama mwale ulifika ulipotakiwa. Walitaka ushahidi kutoka ndani ya mwili wenyewe. Mgonjwa anayechagua kituo ana haki ya kuuliza swali hilohilo: mnathibitishaje mwale umesimama wapi? Jibu litamweleza mengi kuliko picha za jengo.

Protoni au kaboni

Kiini cha kaboni kina protoni 6 na nyutroni 6, uzito mara kumi na mbili ya protoni moja. Uzito huo unaleta mambo mawili.

La kwanza ni unyoofu. Chembe nzito haiyumbishwi sana na atomu inazopishana nazo, kwa hiyo ukingo wa pembeni wa mwale wa kaboni hubaki mkali hata kwenye kina, ambapo ule wa protoni huwa umetanuka. Kwa miale ya pembeni inayopita sambamba na puru, hiyo ni faida halisi. Kaboni ina dosari yake pia: baadhi ya viini huvunjika njiani, na vipande vyepesi huendelea mbele ya kilele vikiacha mkia mdogo wa dozi. Protoni haina mkia huo.

La pili ni jinsi inavyoua, na kwangu ndilo lenye uzito. Eksrei na protoni hutawanya majeraha yao kwenye DNA, na mengi kati yake seli huyatengeneza. Protoni huhesabiwa kuwa na nguvu ya mara 1.1 tu ya eksrei kwa dozi ileile. Kaboni inapokaribia mwisho wa njia hurundika majeraha: nyuzi zote mbili za DNA hukatwa mahali palepale, pamoja na uharibifu mwingine kando yake, na seli hushindwa kuunga. Nguvu yake ndani ya uvimbe hukadiriwa kuwa mara 2 hadi 3. Isitoshe, eksrei hutegemea sana oksijeni. Seli zilizokosa hewa katikati ya uvimbe mkubwa zinaweza kuhitaji dozi karibu mara tatu ili zife. Utegemezi huo hupungua kwa kaboni. Uvimbe wa sentimita 9, unaokua polepole na unaojulikana kwa ukaidi mbele ya eksrei, ndio uliokuwa akilini mwa watu waliojenga mashine hizi.

Ushahidi wa wagonjwa unasemaje? Ulio mkubwa zaidi kwa sakramu ulitoka Japani, ukachapishwa mwaka 2016: wagonjwa 188 wenye kordoma ya sakramu isiyofaa kupasuliwa, waliotibiwa kwa kaboni katika vikao 16. Baada ya miaka mitano uvimbe ulikuwa umedhibitiwa mahali pake kwa asilimia 77, na waliokuwa hai ni asilimia 81. Sita walipata madhara makubwa ya neva, wawili madhara makubwa ya ngozi, na asilimia 97 waliendelea kutembea, wengine kwa msaada wa kifaa. Ukikumbuka kwamba hawa ni watu ambao kisu hakikuwafaa, hayo ni matokeo mazito.

Upande wa protoni kuna utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 50 wenye sarkoma na kordoma za uti wa mgongo na sakramu, waliopewa hadi grei 77.4 kwa mchanganyiko wa protoni na eksrei. Kwa uvimbe uliokuwa ukitibiwa kwa mara ya kwanza, udhibiti ulikuwa asilimia 94 kwa miaka mitano. Idadi hiyo inavutia kuliko ya Japani, na hapa msomaji asiteleze. Wengi wa wagonjwa wa Boston walipasuliwa pia, na si wote walikuwa na kordoma. Kuziweka asilimia 94 na 77 kwenye mizani moja ni kulinganisha watu tofauti waliotibiwa kwa njia tofauti. Kituo cha Heidelberg, Ujerumani, kilianzisha jaribio la ISAC la kugawa wagonjwa wa sakramu kwa kura kati ya protoni na kaboni, kila upande vikao 16 vya grei 4. Jaribio jingine lililoanzia Italia, SACRO, linalinganisha upasuaji na mionzi. Majaribio ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kumaliza ubishi, ila ugonjwa ni adimu kiasi kwamba kupata wagonjwa wa kutosha huchukua miaka.

Barua tatu, namba tatu

Familia ya mgonjwa wetu imeandikia vituo vitatu. Kituo kinachofuata mfumo wa Japani kinapendekeza kaboni, grei 70.4 kwa vikao 16. Kituo cha Ulaya kinapendekeza kaboni, grei 64 kwa vikao 16. Kituo cha tatu kinapendekeza protoni, grei 74 kwa vikao 37. Binti yake amezipanga namba hizo kwenye karatasi na kuuliza kwa nini wasichague yenye 74, maana ndiyo kubwa.

Swali lake ni la msingi. Kwanza, dozi ya siku moja si sawa: 4.4, 4 na 2. Seli inayopigwa grei 4.4 kwa mkupuo mmoja huumia zaidi kuliko inayopigwa grei 2 mara mbili na kidogo. Pili, zote hizi ni grei zilizokwisha kuzidishwa kwa makadirio ya nguvu ya kibiolojia, na kwa kaboni makadirio hayo hutegemea modeli, yaani kanuni ya hesabu inayotumika. Ulaya hutumia modeli iliyozaliwa Darmstadt; Japani ina yake. Modeli hizo mbili zikipewa mwale uleule hutoa namba tofauti. Ndiyo maana 70.4 ya Chiba, Japani, na 70.4 ya Heidelberg si dozi moja, na vituo vya Ulaya vilivyotaka kuiga ratiba za Japani vililazimika kufanya hesabu za ubadilishaji kwanza. Mgonjwa akibeba majalada kutoka kituo kimoja kwenda kingine, hasa uvimbe ukirudi na kuhitaji mionzi tena, jina la modeli lazima liandikwe kwenye ripoti. Likikosekana, daktari anayefuata anafanya kazi gizani.

Uamuzi, na yale ambayo yangeugeuza

Kwa mgonjwa huyu ningechagua kaboni, baada ya kuwekewa kizuizi mbele ya uvimbe. Sababu ni hizi: uvimbe ni mkubwa, ni mkaidi, umefika S2, na ushahidi mkubwa kuliko wote kwa watu wa hali yake ni wa kaboni. Vikao 16 kwa wiki nne ni nafuu pia kwa mtu asiyeweza kukaa bila maumivu. Kama kituo cha kaboni kingemwambia asubiri nusu mwaka, ningempeleka kwenye protoni bila kusita, kwa sababu hakuna aliyethibitisha kwamba kaboni inaishinda kwa tofauti inayostahili kungojewa kiasi hicho.

Na kungoja si jambo la kufikirika. Vituo vya protoni duniani vimezidi mia moja. Vya kaboni ni vichache mno, vingi vikiwa Japani na China, vichache Ujerumani, Italia, Austria, Korea Kusini na Taiwan. Marekani ndiko ioni nzito zilikoanzia, wagonjwa wakipigwa neoni Berkeley tangu miaka ya 1970, lakini tiba hiyo ilikoma huko mwaka 1992. Japani ilianza kutibu kwa kaboni kwenye sinkrotroni (mashine ya kuongeza kasi ya chembe) ya HIMAC huko Chiba mwaka 1994 na haijasimama. Sababu ya uchache ni fizikia tupu. Ili kaboni ifike kina ambacho protoni hufika kwa MeV 200, inahitaji MeV 400 hivi kwa kila nukleoni (protoni au nyutroni ya kiini), nazo ni kumi na mbili. Sumaku za kuipinda lazima ziwe kubwa mno. Mtambo wa Heidelberg unaomzunguka mgonjwa una uzito wa tani 670.

Ingekuwa uvimbe umeupenya ukuta wa puru, nisingependekeza chembe hizi kama tiba kuu: uvimbe ukifa, ukuta uliobebwa nao hutoboka. Ingekuwa mgonjwa ana skrubu za chuma kutoka upasuaji wa awali, CT ingejaa michirizi na hesabu ya kina ingeharibika. Hapo ningesita sana. Ingekuwa ni mtoto mwenye meduloblastoma, uvimbe wa ubongo unaolazimu mionzi uti mzima, ningetaka protoni, kwa ajili ya moyo, mapafu na tezi ambazo eksrei zingezipitia, na nisingevumilia wiki nyingi za kungoja kwa sababu uvimbe ule una haraka. Ingekuwa ni saratani ya kawaida ya tezi dume, nisingemsafirisha mtu yeyote: jaribio la PARTIQoL, lenye wanaume 450, lililotangazwa mwaka 2024, halikuona tofauti kati ya protoni na eksrei za kisasa katika hali ya utumbo ya wagonjwa baada ya miaka miwili. Pale hakuna uvimbe mkaidi wa kuhitaji dozi ya juu mno. Mashine ni ileile. Kilichobadilika ni kilicho nyuma ya uvimbe na kilicho ndani yake.

Baada ya kikao cha mwisho

Wakati wa vikao vyenyewe hakuna anachohisi. Analala kifudifudi kwenye kalibu iliyofinyangwa kwa umbo lake, anapigwa picha za kumweka sawa, na mwale wenyewe hutoka kwa dakika chache. Muda mwingi huishia kwenye kumpanga. Ngozi ya mgongoni hubadilika rangi na kuchubuka, zaidi kuliko wengi wanavyotarajia, maana miale ya nyuma hupita pale kila inapotumika.

Jambo ambalo familia hulishtukia ni picha ya kwanza ya MRI baada ya miezi mitatu. Uvimbe bado upo, ukubwa uleule, pengine umevimba kidogo. Kordoma iliyopigwa vizuri inaweza kuchukua mwaka na zaidi kuanza kusinyaa, na nyingine hubaki kama kovu lisilokua maisha yote. Kinachotafutwa ni kutokua. Familia isiyoambiwa hivyo mapema huhitimisha kwamba tiba imeshindikana, na wengine hukimbilia kisu kwenye nyama iliyokwisha kupigwa mionzi, ambayo haiponi vizuri.

Mfupa nao unahitaji kuangaliwa. Katika mfululizo wa wagonjwa wa Heidelberg, takribani nusu walionekana kupata nyufa za sakramu baada ya kaboni, ingawa si wote walioumwa nazo. Ufa huo kwenye MRI unaweza kufanana na uvimbe unaorudi, na msomaji wa picha asiyejua historia ya mgonjwa ataandika ripoti ya kutisha. Ganzi ya mguu au udhaifu wa kunyanyua wayo unaweza kuja miaka miwili au mitatu baadaye, kwa sababu mizizi ya neva ilipita ndani ya eneo la dozi na haikuwa na njia ya kuepushwa.

Ratiba yake ni MRI ya nyonga kila miezi minne hadi sita kwa miaka ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka, pamoja na CT ya kifua. Atafuatiliwa zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa kordoma imewahi kurudi muda mrefu baada ya watu kuacha kuitafuta. Jalada lake linabeba picha ya mpango wa dozi, jina la modeli iliyotumika na mahali kizuizi kilipowekwa, na nakala moja anakaa nayo mwenyewe.